Kadi Mbili na Ngoma ya Magokoro

Sisi tuliokulia Keumbu miaka ile, ukitaja kadi, watu walifikiria kadi ya kliniki au ya mwaliko wa harusi. Kadi ya picha, ile inayochomekwa ndani ya kompyuta ili picha zitembee bila kukwama, tuliijua wachache. Mimi na kaka yangu Ombati tuliijua kwa sababu Baba, mwalimu wa shule ya msingi, alipiga video za harusi kila Jumapili. Kompyuta yake ilikaa sebuleni, nzito kama jiwe la kusagia, imefunikwa kitambaa alichofuma Mama. Hatukuruhusiwa kuigusa kabla ya kunawa, maana mikono yetu haikukosa utomvu wa ndizi au harufu ya mboga za chinsaga.

Kila harusi Baba aliipamba kwa namna ile ile: majina ya maharusi yakizunguka, na mioyo myekundu ikipepea kutoka kona hadi kona. Kompyuta haikuiweza ile mioyo. Ikianza kupepea tu, picha ilikwama, bwana harusi akabaki na kipande cha keki hewani. Sisi tulicheka. Baba hakucheka.

Kisha ikaja harusi ya Moraa, huko upande wa Nyamira. Bibi mzaa mama yake, ambaye sote tulimwita Magokoro kama tunavyowaita mabibi kwetu, alicheza akitikisa mabega hadi wasimamizi wakampisha. Kabla Baba hajamaliza kuitengeneza video, Magokoro akafariki. Alhamisi Mama Moraa, binti wa marehemu, alifika kwetu amejifunga leso kichwani.

"Mwalimu," alisema, "hatuna picha nyingine yake akitembea. Watu wa kwetu wanaomba wamwone akicheza, kabla hatujamzika Jumapili."

"Mtamwona," Baba alimjibu. "Njooni kesho, kabla jua halijazama na Sabato haijaingia."

Ilikuwa ahadi nzito. Kanda ya kamera ilikuwa imesharekodiwa harusi nyingine juu yake, kwa hiyo ngoma ya Magokoro ilibaki ndani ya kompyuta peke yake. Ili kuitoa, ilibidi video ichezwe pale huku deki ya video ikiinakili kwenye kanda mpya, na picha ikikwama, ingenakiliwa hivyo hivyo. Tulijaribu jioni ile, mioyo ikiwemo, maana kuiondoa kungetaka kuitengeneza upya video nzima. Magokoro alicheza kama mtu anayesukumwa: bega juu, akaganda; bega chini, akaganda. Baba aliizima.

Shule zilikuwa zimefungwa, kwa hiyo Ijumaa asubuhi alitupeleka hadi mjini Kisii, kwenye duka la Bwana Hasmukh. Baba yake Hasmukh aliuza vitambaa kwenye duka hilo hilo. Mwana akageukia kompyuta. Aliweka masanduku mawili ya kadi mezani.

"Mwalimu, hii ina memori ya megabaiti mia mbili hamsini na sita. Hii ina nusu yake," alisema. "Lakini sanduku huongea sana. Beba zote mbili, jaribu nyumbani, moja utanirudishia Jumatatu."

Njia nzima Ombati aliikumbatia ile yenye memori kubwa. Sanduku lake lilichorwa joka linalotema moto. Mimi nilisoma upande wa nyuma, penye maandishi madogo. Njia ya kupitisha data kwenye kadi ya joka ilikuwa ya biti sitini na nne. Kwenye ile ndogo, mia moja ishirini na nane.

"Hilo ni tangi kubwa lenye mfereji mwembamba," nilimwambia. "Tangi letu la mvua linalishinda la jirani zetu kina Kerubo, lakini ndoo yao hujaa kwanza."

"Kemunto, wewe unajua maji," alinijibu. "Hii ni kompyuta."

Baba alianza na joka. Pembeni mwa skrini palikuwa na tarakimu ya kuonyesha ni picha ngapi zinapita kwa sekunde. Ilianza na ishirini na tano. Mioyo ilipotokea, ikashuka hadi kumi na nne, na Magokoro akaganda. Ombati alisema labda kadi haijapata moto. Tukarudia, mambo yakawa yale yale. Kadi yenyewe ilikuwa kimya na baridi, haina hata feni.

Tukachomeka ile ndogo. Mioyo ikapepea, tarakimu haikutikisika. Sikupata nafasi ya kujigamba. Kifeni chake kilinguruma kama mashine ya kusaga mahindi, joto likapanda, na punde skrini ikajaa vidoa vya rangi, picha ikasimama. Baba aliisogezea kiganja.

"Ng'ombe wa maziwa mengi hula sana," alisema.

Jua lilikuwa limeshainamia kilima. Mama Moraa na jamaa zake walikuwa wameshafika uani.

Ombati ndiye aliyefungua ubavu wa kompyuta, akachukua ungo wa Mama wa kupepetea wimbi, akaanza kuipepea kadi aliyoikataa. Baba akawasha deki. Wageni wakaingia, majirani wakafuata, watoto wakajaa sakafuni. Magokoro akatokea, mabega mbele, akicheza bila kukatika. Hakuna aliyekohoa, tukidhani kanda ingetusikia. Mama Moraa alicheka mara moja kwa sauti, akajiziba mdomo kwa leso, kisha machozi yakamtoka. Nilitaka kumpokea Ombati ungo. Akatikisa kichwa.

Ngoma ilipoisha, Baba alimkabidhi Mama Moraa kanda kwa mikono miwili. Jua likazama, Mama akaanzisha wimbo wa kuikaribisha Sabato. Jumapili waliokuja kumzika Magokoro walimwona akicheza. Jumatatu Ombati alilirudisha joka mwenyewe.

Leo Ombati anaishi Kiogoro, na mwanawe Mokaya ana kadi ya feni tatu, memori yake yahesabiwa kwa gigabaiti. Vijana hawa! Atakutajia upana wa njia na kiwango cha joto cha kadi ambazo hajawahi kuzigusa, kwa kuwa mtu fulani asiyemjua amezilinganisha kwenye video. Picha zikishuka chini ya mia kwa sekunde, hununa kama aliyepewa chai isiyo na sukari.

Juzi aliniita anionyeshe mchezo wake mpya. Nyasi zilikuwa zikiyumba, kila unyasi kivyake, na hapakuhitajika mtu wa kupepea chochote. Ni maridadi, sikatai. Kisha akavaa visikizi vyake, akaendelea kuzungumza na marafiki nisiowaona. Ningependa kuendelea kutazama, lakini chumba chake kina kiti kimoja tu.