Laini Isiyogawanyika

Hakuna laini ya simu inayotoka chini ya mwamvuli wa wakala huyu kabla hajagawanya namba yake. Mteja akishachagua, wakala huchomoa kalamu sikioni, huandika tarakimu sita za mwisho kiganjani, kisha hujaribu kuzigawanya kwa mbili, tatu, saba, midomo ikicheza kama ya mbuzi anayetafuna. Kikokotoo anacho, ila kazi yake ni kuzuia fomu zisipeperuke. Paskalia, aliyeshusha kabichi zake kutoka Mgeta alfajiri, alichagua 316157. Kabichi zilikuwa zinanyauka juani, na mnunuzi alikuwa akisubiri namba ili ampigie. Wakala alifika thelathini na saba, namba ikagoma kugawanyika. Akahamia kiganja cha pili.

“Kaka, mimi nauza kabichi. Sina haja ya kuigawa.”

“Dada, utatembeaje na namba usiyoijua tumboni ina nini?”

Mwishowe aliitoa laini kwa uso wa baba anayemwoza binti yake kwa mlevi. Paskalia akamtumia mnunuzi ujumbe, akaketi juu ya gunia. Simu ilipoita, aliipokea kwa sauti ya asali.

“Mia nne na tisa!” wakala alipiga kelele ndani ya simu. “Mara mia saba sabini na tatu! Haibaki kitu!”

“Kata simu wewe, mnunuzi anapiga!”

“Subiri kidogo, dada, niihakiki.”