Kibonyezo cha Mjukuu Wangu

Nimesoma mpaka darasa la pili, na maisha yangu yote nimelificha jambo hilo kama mtu anavyoficha shuka lililotoboka mbele ya wageni. Mara moja tu nililitoa nje nikajifunika nalo. Aibu yake bado ninayo.

Mkoa wa Manyara ulikuwa mpya. Babati ilijaa watu wa maofisini wanaotafuta vyumba vya kupanga, na kila upande palijengwa. Mjukuu wangu, binti aliyemaliza chuo cha ufundi Arusha, akaja kukaa kwangu Maisaka ili afunge umeme kwenye majengo hayo. Alikuja na begi moja la nguo na sanduku la chuma alilolibeba kwa shida.

"Hii ni redio, bibi."

"Redio gani haina hata taarifa ya habari?"

"Ya kuongea na watu. Inaitwa redio ya ridhaa. Watu wanatafutana dunia nzima, kwa kupenda tu."

Nikamwambia mimi nina majirani wa kutosha. Lakini alipofunga waya kutoka kwenye mti wa mgrevilea mpaka kwenye paa, akinikanyagia maharage yangu, nilisimama uani nikahakikisha kila apitaye anauona. Mjukuu wa nani mwingine alikuwa na waya kama ule?

Sanduku halikuwa lake. Lilikuwa la mwalimu wake wa chuo, mzee aliyestaafu huko Arusha. Alimwazima kwa sharti moja: asikilize, ajizoeze, lakini asitume chochote hewani mpaka apate leseni. Na leseni isingeombwa bila barua ya mwalimu huyo ya kusema kwamba binti huyu ni mwaminifu. Kwa hiyo kila jioni alijizoeza ile lugha ya milio, mfupi na mrefu, akibonyeza kichuma kidogo cha mezani. Palikuwa na swichi. Ikiwa chini, mlio unaishia chumbani. Ikiwa juu, unatoka nje, unakwenda.

"Hii usiiguse, bibi. Hata kwa kufuta vumbi."

Akabonyeza jambo moja tu, jioni baada ya jioni, mpaka nikalishika kama wimbo wa kanisani. Nikipepeta maharage, vidole vyangu vinaupiga kwenye ungo. Sikujua unasema nini. Sikuuliza pia; mtu mwenye darasa la pili huwa haulizi.

Ikafika zamu yangu ya sala ya jumuiya, Alhamisi alasiri. Mjukuu alikuwa kazini. Tulisali, wakanywa chai, wakala viazi vitamu, halafu mimi mwenyewe, hakuna aliyenituma, nikawafungulia mlango wa chumba cha binti.

"Hiki ndicho kinafika Ulaya," nikasema, nikawasha alivyokuwa anawasha yeye. Nikaupiga ule wimbo, swichi ikiwa chini.

Mama mmoja mgeni, mke wa mtu wa ofisi, akaguna. "Kumbe kengele. Hata mwanangu ana kuku wa plastiki anayelia hivyo."

"Tena wa mwanao walau anataga, mama," akadakia mwingine. Wakacheka mpaka chai ikamwagika.

Nikapandisha swichi. Nikapiga ule wimbo mara tatu, polepole, nikiwaangalia usoni mmoja mmoja. Mshale mdogo kwenye sanduku ukaruka. Wakanyamaza. Nilijisikia mrefu kama mnara.

Jumamosi mwalimu akaja kwa basi, ametapakaa vumbi la barabara mpaka kwenye nyusi. "Shikamoo mama," akaniambia, ingawa tulikuwa wa rika moja. Nikaitika marahaba, nikampa maji, nikatenga chai. Kisha akamgeukia mjukuu wangu.

"Alhamisi nilikuwa nasikiliza. Nimesikia jina lako. Herufi kwa herufi, mara tatu."

Jina lake! Wimbo wangu ulikuwa jina lake. Nilikuwa nimelipigia kelele hewani kama mtu anayemtangaza mwizi.

"Mwalimu, sikutuma. Naapa. Nilikuwa kazini."

"Nyumba hii kuna nani mwingine?"

"Bibi tu. Na bibi hawezi, mwalimu. Hata kusoma ni kwa shida."

Hakunitazama hata kunishuku. Mwalimu ndiye aliyenitazama. Mimi nikainamia chai nikaikoroga, na sukari nilikuwa sijaitia. Ujinga wangu ulinifunika vizuri siku ile, na mimi nikautulia ndani kama kuku kwenye kiota.

Akaondoka na sanduku. Barua hakuiandika.

Mjukuu akauteremsha waya, akauviringa vizuri, akauweka chini ya kitanda. Hakulia. Ila zamani alikuwa anagonga kikombe kwa kijiko akisubiri chakula, akaacha. Nyumba ikawa kimya. Nilikwenda kuungama, nikamwambia padri nimekosa kusema ukweli. Akanipa sala za kusali. Hakuna aliyeniuliza ni ukweli gani.

Wiki ya tatu nikapanda basi la Arusha. Nilimkuta mwalimu barazani. Nikachukua kijiko kwenye sahani yake, nikagonga mezani, wimbo wote.

Hakushangaa. "Nilijua," akasema. "Kila mkono una mwandiko wake, mama. Wa binti unakimbia. Huu ulikuwa unatembea kwa maringo."

"Sasa kwa nini ulimnyang'anya?"

"Sikuja kuuliza nani kabonyeza. Nilikuja kuona kama aliyebonyeza atasema. Siwezi kuacha chombo kwenye nyumba ambayo mtu anabonyeza halafu anakaa kimya."

Akaniwekea sanduku miguuni. Barua angeiandika, alisema, lakini sanduku nilirudishe mimi mwenyewe, na maelezo yake niyatoe mimi mwenyewe.

Nilimwambia mjukuu wangu jikoni, nimesimama. Alinisikiliza mpaka mwisho. Nilitegemea anifokee, ningelala vizuri.

"Ulijifunza lini, bibi?"

"Nikipepeta maharage."

"Mimi ilinichukua miezi," akasema. Halafu: "Na ulinisikia nikiapa."

"Nilikusikia."

Leseni aliipata. Waya ukarudi juu ya mgrevilea, na sasa anazungumza na watu ambao hata nchi zao siwezi kuzitamka. Ananiita nisikilize, ananiwekea kiti, ananitafsiria. Ni mjukuu mwema, na najivunia kila anapopita. Lakini asubuhi, kabla ya kwenda kazini, anakifungua kile kichuma cha kubonyezea kutoka mezani, anakifunga kwenye kitambaa, anakitia mkobani, anaondoka nacho. Mimi nikiwa pale pale mlangoni nafagia. Yeye haelezi, na mimi siulizi.