Nilimjua dereva bora, na mimi ndiye niliyemnyima jina

Wakuu, habari za humu. Naandika kutoka Nchelenge, ufuoni mwa ziwa Mweru. Naandika polepole kwa sababu natumia kidole kimoja, na nitaandika kweli tupu. Sehemu kubwa ya kweli hiyo inaniaibisha mimi mwenyewe, kwa hiyo sina faida yoyote ya kuongeza chumvi.

Kiswahili changu ni cha soko la samaki, kile cha upande wa Kongo. Nilikiongezea kidogo miaka tuliyoishi Mbeya, marehemu mume wangu akiendesha malori. Neno likikaa vibaya, nivumilieni.

Nimekuwa nikisoma uzi wenu wa mbio za magari za dunia. Kila baada ya grand prix mnabishana nani dereva bora. Mmoja anamtaja fulani, mwingine anajibu "mtoe kwenye gari hilo tuone". Wa tatu anasema gari la mpinzani lilichezewa. Mnatukanana mpaka mods wanafunga.

Ubishi huo mimi nimeukuta zamani, miaka ya hamsini, hapa hapa.

Kulikuwa na muzungu mnunuzi wa samaki, alivuka kutoka upande wa Kongo akajenga ghala karibu na maji. Sisi tulimwita Bwana Miwani. Alipenda mbio za magari kuliko chakula. Aliletewa magazeti ya picha, yakifika yamechelewa miezi, naye alizikata zile picha akazigongomea kwenye ukuta wa ghala, juu ya mizani.

Picha mbili zilikaa katikati. Dereva wa gari jekundu na dereva wa gari la kijivu. Majina yao hatukuweza kuyatamka vizuri, tukawaita Mwekundu na Kijivu. Watu ambao hawajawahi kukanyaga lami waligombana juu yao kila asubuhi.

Bwana Miwani alikuwa na malori mawili, moja jipya na moja kuukuu. Jipya aliliendesha Ba Musonda ("Ba" kwetu ni heshima), kijana wa kisiwa cha Kilwa cha humu ziwani, si Kilwa ya pwani. Kuukuu aliliendesha Bwalya, mume wangu. Tulikuwa na mwaka mmoja tu wa ndoa.

Siku moja Bwalya alisema mbele ya ile picha, "Kijivu anashinda kwa sababu ya motokari. Haiko mutu pale."

Musonda akacheka. "Na weye unachelewa kwa sababu ya motokari? Ao kwa sababu ya mutu?"

Watu walicheka sana. Mimi nilikuwa nimekaa chini napasua samaki, sikucheka. Toka siku hiyo nilianza kumwangalia Musonda kwa jicho la pembeni.

Nilimshuku kwa kila kitu. Alifunga kifuniko cha tangi lake la mafuta kwa kitambaa. Nikajiuliza, anaficha nini? Alifika mapema kuliko wote kufuta vioo. Nikajiuliza, mapema yote hii anafanya nini peke yake? Alinisalimia kwa heshima, "Mwashibukeni, mukwai," nikaona ni unafiki. Mtu ukishaamua ni mwizi, hata salamu yake inakuwa ushahidi.

Basi habari ikaja kwamba Bwana Miwani anapata lori la tatu, jipya kabisa, la kupeleka samaki mpaka kwenye miji ya migodi. Atampa dereva bora. Lile kuukuu litauzwa, na dereva atakayeshindwa atarudi kwenye nyavu. Lile jipya la sasa alikuwa amemwahidi shemeji yake.

Hapo mchezo uliisha. Yalikuwa maisha yetu.

Bwana Miwani alitaka kuamua kwa saa yake tu. Wazee wa kijiji cha Kabuta waliokuja kuuza samaki wakakataa. Kwetu, watu wawili wakibishana nani anajua kasia, wanashindana mara mbili. Mara ya kwanza kila mtu na mtumbwi wake. Mara ya pili wanabadilishana. Ndipo unajua kipi ni mtumbwi na kipi ni mtu. Wakamwambia afanye hivyo hivyo na malori.

"Bon, sawa," akasema. "Mpaka Mwansabombwe na kurudi. Siku mbili. Siku ya pili munabadilisha."

(Wakuu, ile njia msiifikirie kama ya leo. Ilikuwa mchanga na mashimo, na baiskeli za wabeba samaki katikati. Kabla ya Mwansabombwe kulikuwa na daraja la mbao ambalo lililia ukipita kwa miguu tu.)

Siku ya kwanza kila mtu alipanda lori lake. Musonda alirudi wa kwanza. Alipozima injini, mimi nilivuta kapu jipya la samaki nikaanza kupasua. Nilimaliza kapu zima, nikanawa, ndipo Bwalya akatokea na lile kuukuu.

Siku ya pili walibadilishana. Bwalya alirudi wa kwanza na lile jipya. Watu wakapiga vigelegele. Nikavuta kapu tena. Nilikuwa kwenye samaki wa tatu, kisu kiko tumboni, nikasikia lile kuukuu linakuja. Musonda alikuwa nyuma yake kidogo tu.

Mnaona wenyewe. Kwa lori lile lile bovu, mume wangu alichelewa kapu zima na Musonda alichelewa samaki watatu. Saa ya Bwana Miwani ilisema ilichosema, lakini kisu changu kilikuwa kimeshaniambia. Dereva bora alikuwa Musonda.

Wazee wa Kabuta nao walijua. Mmoja alianza kusema, "Mutu ni huyu..." na mkono wake unaelekea kwa Musonda.

Nikasimama. Sikuwahi kusema mbele ya wanaume kabla ya siku hiyo.

Nikasema, "Jana asubuhi, kabla hawajaondoka, nilimwona dada yake Ba Musonda amesimama kwenye tangi la lile lori kuukuu. Peke yake."

Kila neno lilikuwa kweli. Nilimwona Kasuba, huyo dada yake, pale, mgongo wake umeegemea lori, mkono mmoja nyuma. Sikuongeza kitu. Hilo ndilo lililonifanya nijione mkweli kwa miaka mingi.

Bwana Miwani akaenda kwenye tangi. Akatumbukiza kitambaa kwenye kijiti, akatoa, akakitazama karibu na miwani yake. Kilikuwa na mchanga.

Wakuu, kwenye njia yetu kila tangi lilikuwa na mchanga. Hata sufuria zetu zilikuwa na mchanga. Hakuna aliyetaka kitambaa kiingizwe kwenye tangi la lile jingine.

Watu walianza kunong'ona. Musonda hakumtazama muzungu, alinitazama mimi.

"Mukwai, uliona mkono wake unafanya kitu?"

Nikajibu, "Nilimwona pale."

"Nimeuliza mkono."

"Nilimwona pale."

Bwana Miwani akafuta siku ya kwanza, akahesabu ya pili peke yake. Bwalya akapewa lori. Musonda alirudi Kilwa kwenye nyavu, na jina likamfuata kwenye boti: Musonda wa Mchanga. Alizeeka nalo, akafa nalo. Sikusikia kwamba aliendesha gari tena.

Sisi tuliishi kwa ile kazi. Migodini, halafu Mbeya, halafu tukarudi nyumbani. Bwalya hakuwahi kupindua lori hata moja, na watoto wetu walisoma. Hatukuzungumza kamwe habari ya siku ile. Nilidhani ni kwa sababu hakuna la kuzungumza.

Mvua zilipoanza mwaka huu alilala na hakuinuka tena. Siku chache kabla hajaenda, aliniambia nifunge redio.

Akaniita kwa jina la mtoto wetu, akasema, "Bana Chola, siku ile lori halikuwa na kitu."

Nikamwuliza siku ipi, ingawa nilijua.

"Niliogopa daraja. Nilisimama, nikashuka, nikajaribu ubao mmoja mmoja kwa mguu. Kwenda na kurudi. Siku ya pili nilifanya vile vile, ila jipya lilinirudishia wakati. Musonda alipita tu."

"Mbona hukusema?"

"Nilidhani weye umeona kitu. Nikasema, mke wangu hasemi uongo."

Mimi nilidhani yeye alisikia injini inakohoa njiani. Yeye alidhani mimi niliona mkono. Kila mmoja aliegemea ukimya wa mwenzake, miaka yote hiyo, kitanda kimoja. Hakuna aliyeuliza.

Tulimzika. Sitasema mengi juu ya hapo. Nyumba imekuwa kubwa, hilo tu.

Baada ya matanga kwisha nilipanda boti kwenda Kilwa. Kasuba yuko hai, ni mzee kama mimi, macho bado mazuri. Nilimkuta anatengeneza wavu. Akanipa kigoda.

"Pole na musiba," akasema.

Nikamwambia yote bila kuzunguka. Kapu, samaki watatu, daraja. Alimaliza fundo alilokuwa analifunga, akaanza jingine.

"Nilikuwa na mimba," akasema. "Ya kwanza. Sijamwambia mutu bado, hata Musonda. Jua lilikuwa kali, na mgongo unaniuma. Kivuli kilikuwa upande ule wa tangi tu."

Mkono ule wa nyuma ulikuwa umeshika kiuno. Mimi nimezaa mara sita, na kila mimba nimesimama vile vile. Hata hivyo sikuwahi kuirudia picha ile na kuitazama upya.

"Mbona hukusema siku ile?"

"Nani aliniuliza? Wote mulimuuliza Musonda."

Baadaye alinipa samaki wa kurudi nao, nikapokea, kwa sababu kukataa kungekuwa tusi la pili.

Kabla sijapanda boti nilimwuliza anataka nini kwangu. Alisema, "Mulisema mbele ya watu."

Basi Jumapili iliyofuata, matangazo yalipokwisha, nilisimama kanisani nikasema kweli hii yote mbele ya watu. Nusu yao hawakujua nazungumza habari gani. Waliokumbuka walikuwa watatu au wanne. Mzee mmoja wa nyuma aliweka mkono sikioni akauliza, "Nani? Musonda wa Mchanga?"

Nikasema, "Hapana, mukwai. Musonda dereva."

Akaitikia kwa kichwa, akalirudia polepole kwa jirani yake. Musonda dereva. Kasuba alikuwa amevuka ziwa, amekaa karibu na mlango. Hakunitazama, lakini alikaa mpaka mwisho.

Kwa hiyo wakuu, somo langu ni dogo. Mkitaka kujua nani dereva bora, wabadilishieni magari, kama haiwezekani kubalini kwamba hamjui. Na mkiona wa kwenu ameshindwa, subirini kidogo kabla hamjatafuta nani alisimama karibu na tangi. Mimi nilitafuta kwa sababu nilikuwa nimeshaona nani ni bora na sikulitaka jina lake.

Sasa nanyi niambieni. Yule mnayesema gari lake lilichezewa msimu huu, au mpinzani wake ni mwizi: mliuona mkono, au mlimwona tu pale? Nitasoma majibu yote, nina muda. Mwenye kunisema vibaya na aseme, nitamjibu kwa heshima.