Kikohozi cha Kilindini

Baba mkwe wangu, Mungu amrehemu, alikuwa mbishi kunishinda mimi, na mimi ni mzaliwa wa Tanga. Nilipangiwa uuguzi Kasulu, nikaolewa huko huko, na Jumamosi nisipokuwa na zamu nilimsindikiza mto Malagarasi kuvua.

Alipenda kilindi, pale mto unapopinda. Kwanza tuligeuza mawe kwenye maji madogo na kuokota watoto wa kereng'ende, vidudu vyenye sura mbaya jamani, ndio chambo. Ndoana ilishuka mbali mno hata mkono haujui kitu. Samaki anaonja, anatema, anakwenda zake. Kinachojua ni chelezo tu, kipande cha kandambili nyeupe alichokifunga kwenye mshipi. Kikizama hata kidogo, unavuta.

Basi macho yake yakaingia ukungu. Ilikuwa presha ya macho, na dawa ilizuia tu, hairudishi. Wanawe, mume wangu akiwemo, wakakata shauri: siku mzee asipokiona chelezo, mto basi, mamba wapo. Niliumia. Tangu mama mkwe afariki, mto ndio uliomtoa kitandani.

Na kuona alikuwa haoni. Chelezo kinazama, yeye katulia kama yuko kanisani. Nimwambieje? Kwao mke wa mwana hamwelekezi baba mkwe, wala haketi naye bega kwa bega. Mimi nilikaa kando, kwenye matete, kitenge kimefunika miguu. Siku moja chelezo kikazama, nikakohoa. Haki ya Mungu sikupanga. Mzee akavuta, akatoka kambale wa maana.

Ikawa ndiyo desturi yetu. Nakohoa, anavuta, kisha ananisimulia alivyokiona chelezo kikitikisika. Nami naitikia kwamba baba ana macho, bila hata haya. Mume wangu akaninunulia dawa ya kifua, nikainywa, ningefanyaje?

Nazililia Jumamosi zile. Tulikula mihogo ya kuchemsha iliyopoa, naye akinung'unika kuwa watu wa pwani tunajua kula samaki, kuvua mpaka tuolewe huku kwao Uha. Natamani anisimange tena hata mara moja.

Masika yalikuwa yanakaribia chelezo kilipozama siku ile, nikavuta pumzi nikohoe. Akaisikia.

"Leo usikohoe, mwanangu," alisema, anatazama mbele. "Mwache aende. Tukae tu."

Nikaishusha pumzi polepole. Chelezo kikazama, kikaibuka, kikazama tena, machozi yananitoka. Baadaye akaniomba nikunje mshipi, nikakunja.

Jioni aliwaita wanawe, akawaambia kwa ukali wake uleule kwamba kuvua kumemchosha, na asitokee mtu wa kumbembeleza arudi mtoni. Hakuna aliyepata nafasi ya kumkataza.