Maboma Yasiyo na Mlango

Kisa hiki sikusimuliwa na mtu. Kilinipata mimi mwenyewe, huko Wajir, tena mchana kweupe, jua limesimama utosini. Najua mnapenda mizuka itoke usiku. Wangu haukungoja giza.

Kazi yangu ni ramani. Nakaa ofisini Garissa nikiangalia picha zinazopigwa na setilaiti, naona jinsi miji inavyotanuka: juzi vichaka, leo mabati yanang'aa. Waliotuajiri walitaka kujua Wajir inakua kuelekea wapi, ili wapime viwanja. Kando ya barabara ya Buna palikuwa na viduara vingi vya miba. Ofisi nzima ikasema hayo ni maboma ya wafugaji, yawekewe alama ya makazi. Kwa ramani yetu basi, watu walishafika huko.

Kisha nikatumwa kuhakikisha. Dereva wetu Abdi, mzaliwa wa Wajir na mcheshi kupindukia, alisimamisha gari akabaki akichezea simu. Nikatembea hadi duara la kwanza. Ndani alisimama mama mzee wa mtandio mweusi, ananitazama. Nikamsalimu, akaitikia vizuri tu.

"Wewe ndio nabiga sisi bicha huko juu?"

Nikacheka. Nikamwambia ndiyo mama, nahesabu nyumba.

"Nyumba yangu ni hii. Watoto yangu iko hiyo ingine. Ambia watu ya mji wasikuje. Sisi hapana hama. Wakikuja, wao ndio watahamia kwetu."

Nilitaka kumsogelea, nikazunguka nikitafuta mlango. Jamani, boma gani halina mlango? Miba mitupu, imeshonana pande zote. Kuinua macho, mama hayupo. Ndani palikuwa na rundo la mawe tu, urefu wa mtu aliyelala. Nikakaa chini palepale.

Abdi alinikuta hapo. "Wallahi mimi sijaona mtu. Hii ni makaburi, walaal, ndugu yangu, hujui? Watu ya ngamia wanaweka miba fisi isichimbe." Alinicheka njia nzima.

Niliporudi Garissa nilifuta zile alama, nikaenda kwa wakubwa kuwaeleza. Wakaniambia ramani imeshapitishwa, na mawe yatasogezwa kwa heshima. Nilirudi kwao tena na tena, mpaka wakaanza kunikwepa kwenye ngazi. Tingatinga likapita. Na unajua nani alikuwa miongoni mwa wa kwanza kununua kiwanja pale? Abdi. Nilimsihi, niamini, karibu nimpigie magoti. "Wewe umesoma," akasema, "unaogoba mawe?" Akajenga, akahamia na mkewe na watoto wao wawili.

Nimelala kwenye nyumba hiyo. Nimekunywa chai ya maziwa ya ngamia sebuleni, nimeegemea ukuta wake. Nyumba ipo. Lakini kila picha mpya ya setilaiti ikija, haionekani. Mtaa mzima hauonekani, ni viduara vya miba tu, kana kwamba hakuna aliyewahi kupeleka hata tofali moja. Wenzangu wanasema picha ina kasoro. Kasoro gani hiyo inayorudi palepale kila mara?

Na kwenye picha ya mwisho, pale ilipo nyumba ya Abdi, kuna duara jipya, kubwa la kutosha wawili. Pembeni yake viduara viwili vidogo.

Hawaumwi. Wote wanne ni wazima. Nimemwambia Abdi, akacheka kama kawaida yake. Mkewe ndiye hakucheka. Alinifuata hadi kwenye gari akaniuliza polepole, "Shemeji, kwa hiyo bicha yako, nyumba yetu inaonekana?"

Nikasema inaonekana, vizuri sana.

Sasa wewe unayetafuta kiwanja kando ya mji, usitazame ramani kwanza. Watafute wafugaji wanaopita pale, uwaulize nani amelala chini. Usije kwangu. Mimi mke wa Abdi nimeshamdanganya, na akiniuliza tena, nitamdanganya tena.