Meya Ekai na Ombi Nililomnyima

Ujumbe ulifika jana saa tatu asubuhi. Nimeusoma mara sita, kama mtu anayetafuta kosa kwenye karatasi ya mtihani. Hakuna kosa. Ekai amefariki.

Mnaosoma ukurasa huu mnanijua: mzee wa Kikongo, mkimbizi wa Kakuma, mwenye kuwachosha kwa habari za vitabu. Leo vitabu vikae. Huyu alikuwa mkulima, akawa meya, na nilimwonea wivu kwa miaka yote niliyomjua.

Tulikutana kando ya mto Turkwel, nje kidogo ya Lodwar. Shirika moja lilinipa kazi ya miezi sita, training ya kilimo cha umwagiliaji. Kwetu, bonde la Ruzizi, nilikuwa bwana shamba. Yeye alikuwa mfugaji aliyemaliziwa mbuzi na ukame, na jembe alilishika kama mtu aliyepewa mtoto wa jirani.

Nilimfundisha kupima mteremko wa mfereji kwa mpira wa bomba uliojaa maji. Mwaka wa pili mtama wake ulinipita kichwa. Mimi nilikuwa nimerudi kambini, kwenye tuta la sukuma wiki lenye upana wa mkeka, nikilimwagilia maji ya kuoshea vyombo.

Watu wa mto wakamfanya diwani. Madiwani wenzake wakamfanya meya. Aliishia darasa la nne. Nilipoona picha yake na mkufu wa umeya shingoni, nilijiambia: mfereji ule nilipima mimi.

Alikuwa akija Kakuma na pickup ya baraza, anakaa juu ya jerikeni mlangoni pangu. "Ejok, mwalimu," ananisalimu kwa Kiturkana. Kisha ananipa barua zake za Kiingereza nimsomee. Nikimaliza kumweleza, jibu analo tayari, na ni zuri kuliko langu. "Wewe unajua karatasi," alisema. "Mimi najua watu." Hilo nalo liliniuma.

Na kila akija aliomba kitu. Aliomba redio yangu. Aliomba shati. Siku moja aliomba fimbo yangu ya kutembelea, naye miguu yake mizima! Nilimpa, nikinung'unika moyoni kwamba meya mzima anamwomba mkimbizi.

Nilijua desturi. Mturkana humwomba rafiki yake, na rafiki naye huomba. Ndivyo wanavyoambiana kwamba bado wako pamoja. Nilijua, ila mimi sikuomba. Kwa miaka kumi na sita nilikuwa nimepanga foleni ya mahindi, ya kuni, ya sabuni. Nilitaka awepo mtu mmoja duniani ambaye sijamnyooshea mkono, na nikamchagua yeye, kwa sababu ndiye aliyekuwa na vyote nilivyovitaka.

Mwaka jana nilishushwa garini kwenye kizuizi cha barabarani karibu na Lodwar. Pasi yangu ya kutoka kambini ilikuwa imepitwa na siku moja. Nililala selo siku mbili. Simu ilikuwa mfukoni saa nzima kabla hawajaichukua, na namba ya Ekai ilikuwa ya kwanza.

Alipopata habari alikuja kambini mwenyewe, bila dereva. Aliniuliza kama siku ile nilikuwa na namba yake. Nikasema nilikuwa nayo.

"Rafiki haiombi?" akasema. "Hiyo ni rafiki gani? Mimi nilikuomba hata fimbo."

Ukweli niliuona aibu kuusema.

Tangu siku ile hakuniomba kitu tena. Alikuja, alisalimu, alikunywa chai, aliondoka.

Baada ya uchaguzi wa Machi mwaka huu mabaraza ya miji yakavunjwa kupisha serikali za kaunti, na umeya ukaisha. Nilimpigia kumpa pole. Mungu anisamehe, nilitaka kumsikia amevunjika. Nilisikia maji. Alikuwa ndani ya mfereji, anacheka na wanawe, akaniambia nipige baadaye kwa sababu mikono ina tope.

Sikupiga.

Atazikwa shambani kwake Jumamosi. Ofisi ya kambi imeniambia pasi yangu haitatoka kabla ya Jumatatu. Jana sauti ya kiburi ikaniambia nitume rambirambi tu. Leo nimempigia mkewe, Mama Akiru.

Nikasema, "Mama, naomba mnisubiri mpaka Jumanne."

 

"Tutakungoja," akasema. Kisha, "Omba na kingine."

Nikaomba jembe lake. Akasema litakuwa langu nikifika.

Ekai, hata leo nakuonea wivu. Utalazwa kwenye udongo unaolijua jina lako, na watoto wako watapita hapo wakienda kufungulia maji. Mimi sijui nitazikwa wapi.

Lakini Jumanne nakuja, na nakuja kuchukua. Lala, rafiki yangu. Lala kwenu.