Ujumbe Ulionenepa kwa Salamu

Siku yangu ya kwanza kazini, Mkuu wa Mitambo, mzee mwenye vidole vilivyoungua kwa kulehemu nyaya, aliniuliza, "Kijana, unajua kunyamaza?"

"Najua, mzee."

"Basi nusu ya kazi umeiweza. Nusu nyingine kusikiliza."

Ndivyo nilivyokuwa mpiga simu za upepo hapa Tabora, enzi za Ujamaa. Sauti yangu ilifika hadi kando ya Ziwa Tanganyika. Mwenye sauti hakuvuka stesheni, na hata hapo ni kwa kusindikiza wageni tu.

Redio zetu zilikuwa na pumzi fupi. Ujumbe ulipokezanwa kituo hadi kituo, kama mizigo ya wapagazi wa zamani. Vituo tuliviita kwa majina ya ndege. Kila asubuhi kila kimoja kilitangaza kinawasikia akina nani, nami nikachora njia upya ubaoni kwa chaki.

Watu wa kituo cha Korongo walipohamishiwa kijiji kipya ng'ambo ya vilima, redio ilihama nao, pamoja na mpigaji wake, Masanja. Mama yake alikuwa amelazwa hapa Tabora, hospitali ya Kitete, akimwulizia. Nikatuma: "Masanja aje, mama anamwita."

"Imepokelewa, inakwenda," akajibu Kwale, kituo jirani.

Kesho yake, kimya. Adhuhuri nikausikia ujumbe wangu hewani, umenenepa: salamu za Kwale, salamu za Kanga, tena za Kwale, tena za Kanga. Kila aliyeupitisha aliongeza salamu zake, ndiyo adabu. Kwale alidhani Korongo anapatikana kwa Kanga. Kanga alidhani ni kwa Kwale, wakawa wanarudishiana. Kusema "simsikii" kulikuwa aibu, kama kumwambia mgeni hakuna chakula.

"Wao wanasalimiana, mgonjwa anasubiri!" akafoka Mkuu.

Tukaita hata vituo vya njia ya kusini, mpaka Chiriku akasema anamsikia Korongo vizuri. Tukaufunga ujumbe ndani ya ujumbe: Chiriku asome jina la juu tu, ule wa ndani aupitishe ulivyo, bila salamu.

Masanja alishuka kwenye treni nikimngoja.

"Shikamoo, kaka. Mama anaendeleaje?"

Tulikuwa tumemzika jana yake. Nilipomwambia, hakulia. Aliuliza tu, "Alianza kuniita lini?"

Nikamwambia ukweli.

Aliporudi kituoni, kila asubuhi alianza na asiowasikia. "Simsikii Kwale. Simsikii Kanga." Kisha ananyamaza kidogo. Wengine wakamwiga, na aibu ile ikaisha.

Sasa nimestaafu, niko nyumbani mtaa wa Cheyo, kitini. Mke wangu hunitania kwamba hata kiti kimechoka nami. Asubuhi, kabla ya chai, bado natangaza polepole: simsikii Mkuu wa Mitambo. Simsikii Masanja.

Kisha nami nanyamaza kidogo.